Chumba Namba Nne Hakinuki

Jumatatu, 9 Februari

Nimedeki korido. Nimedeki mapokezi. Nimedeki chumba namba nne mara tatu. Vyumba vingine vimeonja dekio mara moja tu, maana havina kesi. Mwenye kesi ni namba nne.

Ndimo alimolala Magesa, mchuuzi wa dagaa kutoka Ukara, wiki iliyopita. Jioni alinitania kwamba sisi Wasukuma tunakula ugali mpaka sufuria inaomba msamaha. Asubuhi hakuweza kusimama. Kipindupindu. Tulimpakia kwenye mkokoteni hadi kambi ya wagonjwa kwenye mahema. Macho yalikuwa yamedidimia, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa. Nampenda yule mtu. Sijui kama yu hai.

Bibi afya alikuja akafunga gesti. Godoro likachomwa uani. Akaniachia mfuko wa dawa ya klorini na maelezo marefu. Jana ametuambia tufungue.

Wageni leo: hakuna. Hata nzi wamehamia kwingine.

Jumanne, 10 Februari

Hakuna.

Ma Leokadia amekaa mapokezi kutwa, anapanga funguo, anazipangua. Ni mjane wa Kihaya. Mumewe alipofariki, kila kitu alichomwachia alikizika kwenye gesti hii ya vyumba sita hapa Buzuruga, kwa kuwa stendi iko karibu na siku hizi ni soko huria, kila mtu anafanya biashara. Leo kaniambia bila kunitazama: wageni wasiporudi mwezi huu, anamuuzia Bwana Deo, mwenye gesti ng'ambo ya barabara, anarudi Bukoba kwenye migomba yake.

Nikamwambia atapendeza akiwa na jembe. Hakucheka. Nikajua mambo ni mabaya.

Na mimi je? Kiwanda cha pamba kilipouzwa tulipunguzwa kama matawi. Tangu hapo nalala chumba cha uani, nafagia, nafua mashuka, nasumbua watu. Gesti ikiuzwa naenda Buswelu kwa mwanangu, ambaye mkewe hutazama kila tonge langu mpaka nilimeze.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Kwa hiyo leo nimeongeza dawa. Bibi afya alisema kijiko kwa ndoo. Nimeweka kikombe. Ugonjwa wenyewe haukuja na kijiko.

Jumatano, 11 Februari

Mgeni! Dereva wa lori la mbao, mtu mnene, begi la ngozi. Nilimkaribisha kama mkwe. Kafika mapokezi, kanusa. Kanusa tena.

"Mzee, hapa pananuka kambi."

Akageuka na begi lake. Nilibaki na dekio mkononi kama bwana harusi aliyekimbiwa.

Nimewaza kutwa. Kila mtu mjini anaijua harufu hiyo sasa. Waliopeleka ndugu zao kule wanaijua, waliokanyaga lile gunia lililoloweshwa dawa mlangoni wanaijua. Kumbe kadiri ninavyosafisha ndivyo ninavyotangaza. Bora ningetoka barabarani na ngoma.

Macho yanawasha. Kikohozi pia. Vidole vimechubuka. Ugonjwa sijui, ila mimi nimekaribia kufa.

Alhamisi, 12 Februari

Nimekwenda kupeleleza kwa Bwana Deo. Nimejifanya tumbo linanisumbua, nikaomba choo. Vijana wake wa mapokezi waliruka nyuma wote wawili. Siku hizi ukitaja tumbo unapishwa kama mkuu wa mkoa.

Gesti yake imejaa. Korido inanukia kama chumba cha bibi harusi. Wananyunyiza manukato asubuhi na jioni. Choo, mama yangu! Kopo la kuchotea maji lina utelezi. Ukutani sitaji. Beseni la kunawia lina maji ya tangu asubuhi, kila mtu anatumbukiza mikono humo humo, halafu wanapangusia taulo moja, jeusi upande mmoja.

Nikarudi kumweleza Ma Leokadia. Nilitegemea atachukizwa. Badala yake akauliza, "Manukato gani?"

Ijumaa, 13 Februari

Kanunua manukato. Chupa ya rangi ya waridi. Anataka niache dawa, ninyunyize hiyo.

Nikamwambia, Ma, hiyo ni kumvisha maiti suti. Akasema, akianza na Kihaya chake cha heshima, "Waitu, Mzee Kulwa, maiti wa Deo wanamlipa." Nikaipokea chupa bila kubisha. Ni nadra sana.

Tumenuniana. Chakula cha mchana kaniletea bila kuniita jina. Ndizi hazikuwa na nyama. Huwa zina nyama.

Nimenyunyiza manukato korido yote. Yamechanganyika na harufu ya dawa. Sasa panatoka harufu ya kambi iliyoolewa.

Jumamosi, 14 Februari

Bibi afya kapita. Ni binti mdogo wa Kijita, ana baiskeli na sauti ya sajini. "Shikamoo babu." Nikaitikia marahaba kwa utukufu. Hapo ndipo heshima yangu ilipoishia.

Kaingia namba nne, kashika pua. Kaniuliza nimeweka kiasi gani. Nikasema kijiko. Kanitazama. Nikasema kijiko kikubwa. Akaendelea kunitazama. Nikasema kikombe.

Akapiga magoti, binti wa watu na sketi yake, akakwangua sakafu kwa ukucha pembeni ya kitanda. Ukatoka uchafu mweusi, mafuta na vumbi vya miaka. Akauliza nilitumia sabuni lini. Nikasema sabuni ya nini wakati dawa ipo? Alicheka mpaka akakaa kitandani.

Kumbe dawa haipigani na uchafu na ugonjwa kwa pamoja. Ukiimwaga juu ya uchafu inamalizikia kwenye uchafu, ugonjwa unakaa chini kama mtu aliyejifunika blanketi. Na ukizidisha hupati usafi zaidi, unapata kikohozi. Nimemwaga dawa siku zote hizi juu ya blanketi.

Halafu akaniuliza dekio la choo liko wapi. Nikamwonyesha. Akauliza la vyumba liko wapi. Nikamwonyesha lile lile.

Hakucheka tena. Nimeona aibu, aibu ya kweli, ya mtoto. Nilikuwa nautoa ugonjwa chooni naupeleka vyumbani kwa mikono yangu, huku najisifu.

Kanifundisha kuanzia mwanzo. Fagia. Sugua kwa sabuni na brashi, uoshe, utoe maji machafu. Ndipo dawa, kwa kijiko, na usichanganye na kitu kingine chochote. Iache sakafu ibaki na unyevu kwa muda wa kunywa chai polepole. Kisha maji safi, madirisha wazi, jua liingie. Anza na vyumba, maliza na choo. Choo kiwe na ndoo yake na dekio lake, visikutane na vingine hata kwa salamu. Na mikono ya watu inakogusa usisahau: vitasa, swichi, komeo, kopo.

Kopo! Pipa letu la maji na kopo moja, kila mgeni anatumbukiza na vidole vyake. Nimepita pembeni ya kopo hilo siku zote nikienda kudeki namba nne.

Jumapili, 15 Februari

Sijaenda kanisani. Mungu atanikuta hapa na brashi.

Nimesugua kutwa. Ma Leokadia alisimama mlangoni mwa namba nne, akaona maji yanavyotoka meusi. Akaondoka. Nikadhani kanuna tena. Akarudi kavaa kanga kuukuu, kajifunga kiunoni, ana brashi yake. Tumesugua bega kwa bega, yeye anaimba nyimbo za kanisani za Kihaya, mimi naweka maneno yangu ya Kisukuma ambayo bahati nzuri haelewi.

Chini ya uchafu sakafu ni nyekundu. Hatukuwa tunajua, sote wawili.

Fundi kafunga bomba kwenye pipa. Kopo nimelipiga teke mpaka ng'ambo, upande wa Bwana Deo. Nimelifuata nikaliokota. Ningeonekana ninamtupia takataka.

Jioni nimeingia namba nne nikanusa. Hakuna manukato, hakuna kambi. Hapanuki kitu.

Mchana nilikula ndizi. Zilikuwa na nyama.

Jumatano, 18 Februari

Wageni wawili jana, watatu leo. Kinamama wa mitumba wanaopanda basi alfajiri, na karani mmoja anayevaa tai hata akienda bafuni.

Lakini habari za mtaani hazisafishwi. Kila anayeingia anauliza, ni chumba kipi kile? Wanalala wawili wawili chumba kimoja kuliko kuchukua namba nne. Magodoro yote sasa yana nailoni, namba nne ina godoro jipya, sakafu nyekundu, dirisha upande wa ziwa. Ndicho kizuri kuliko vyote. Mlango umefungwa.

Nikamshauri Ma tubadilishe namba, nne iwe sita. Kanirushia kandambili. Kalenga vizuri.

Nawacheka wageni. Nawaambia ugonjwa hausomi namba mlangoni. Nawaambia chumba kile ni kisafi kuliko roho zao. Nasema sana. Mwenye tai ananiita Babu Klorini.

Bado naingia kila asubuhi kukiosha mara tatu. Hakuna aliyelala humo. Naosha nini? Sijajiuliza.

Jumapili, 22 Februari

Niandike kama ilivyokuwa.

Saa za jioni, kinamama wako uani wanakula, mimi nadeki mlangoni. Mtu akasimama mbele yangu. Shati linaning'inia kama limetundikwa kwenye kamba. "Shikamoo Mzee Kulwa. Mmebakiza ugali, au Wasukuma mmemaliza?"

Magesa.

Akanyoosha mkono.

Nikamwonyesha mikono yangu, ina maji na sabuni, siwezi. Ilikuwa na maji, ni kweli. Nilikuwa na kanga ya kujifutia begani. Yeye aliiona. Akarudisha mkono mfukoni taratibu, akatabasamu ili mimi nisione aibu.

Walimruhusu kutoka kambini siku nyingi. Amekuwa kwa shemeji yake huko Kiseke. Wanampa sahani ya peke yake, analala jikoni. Leo amechoka, anataka kulala kitandani, kesho apande boti arudi Ukara. Amejaribu kwa Bwana Deo. Wanamkumbuka sura. Amejaribu kwingine. Akasema, "Nikafikiri, pale kwa mzee chumba changu kipo."

Ma Leokadia kanivuta kando. Kinamama wameshaacha kula, wanatazama. Kaninong'oneza kwamba wakiondoka hawa hatuna tena mtu, gesti imekwisha. Kisha kasema, "Wewe ndiye unayekiosha. Sema wewe."

Sikuwaza gesti wala Mungu. Niliwaza kwamba simtaki. Nilitaka aende. Siku zote hizi nimewapigia kelele watu kwamba chumba ni kisafi, na mtu pekee aliyeniamini amesimama mlangoni, na mimi nimeshika dekio kama mkuki. Bibi afya alishasema, aliyepona amepona. Nilimwitikia ndiyo. Kumbe ile kuosha mara tatu nilikuwa nasuguana na woga wangu mwenyewe, na hakuna sabuni yake.

Nikajifuta mikono. Nikachukua ufunguo wa namba nne, nikaufungua mlango wazi wote, kinamama waone.

Mmoja wao alifunga virago. Sikumzuia. Mwingine, yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, akauliza kutoka kule kule uani, "We kaka, dagaa wa Ukara siku hizi debe unauzaje?" Magesa akamjibu. Mama akasema ni wizi. Magesa akasema basi aende akawavue mwenyewe. Wakaanza kubishana, na wale wengine wakarudi kwenye ugali wao.

Ma Leokadia alikwenda mapokezi. Nilidhani analia. Alikuwa anamtafutia blanketi.

Jumatatu, 23 Februari

Nimeamka nikaenda na ndoo. Mlango wa namba nne uko wazi. Magesa amepiga magoti sakafuni na brashi yangu, anasugua. Kafua hata shuka, ameshalianika. Jasho linamtoka, na hana nguvu hizo.

Nikamwambia aniachie kazi yangu, au anataka nipunguzwe tena? Akasema hakutaka nipate shida kwa ajili yake. Nikamwambia shida yangu ni dagaa wake wenye mchanga.

Nikampa mkono. Wangu una maji, wake una maji. Alinishika kwa mikono yote miwili. Kisha tukaenda bombani tukanawa kwa sabuni sote, maana bibi afya ni bibi afya, angeweza kutokea na baiskeli yake.

Ameondoka na boti ya asubuhi. Amesema akirudi na mzigo atafikia hapa. Ma Leokadia amesema atamtunzia chumba, na Bwana Deo anaweza kusubiri. Mchana mwenye tai alipita mlangoni mwa namba nne, akachungulia, akaangalia dirisha. Alichungulia tena.

Vyumba vyote nimemaliza. Sabuni, dawa, chai, maji safi. Namba nne nimekiosha mara moja, kama vingine.