Utani Uliniokoa, Sasa Mtani Wangu Haniamini

Mama Matilda, nakusalimu kwa heshima, na kabla sijakuomba ushauri naomba kwanza unisaidie kushukuru, maana mwenyewe nimeshindwa. Mimi ni mpima pareto katika kituo cha ununuzi hapa Igowole, ni Mlutheri, nina mke na watoto, na tangu nilipopata kazi hii ya kukaa kivulini nikaanza kuota kitambi, kikakua mwaka hadi mwaka mpaka mke wangu akawa ananifunga kamba za viatu, wala sikuona ubaya, kwa sababu huku kwetu mwanamume mwenye kitambi anahesabiwa kuwa ametunzwa, na mama mkwe wangu kila akija alikuwa anakitazama kwanza kisha anamsifu binti yake.

Ninaye binamu, jina lake Edmund, mtoto wa mjomba wangu, mwenye bucha pale Nyololo kando ya barabara kuu, na kwetu Wahehe binamu ni mtani, kwa hiyo Edmund ana ruhusa ya kunifanyia jambo lolote nami sina ruhusa ya kukasirika. Siku moja alipita kutafuta ng'ombe, akanikuta kituoni na wakulima wamejaa na magunia yao, basi akanikamata, akawaita wapagazi wawili, wakaninyanyua wakanining'iniza kwenye mizani ya pareto, akasoma kilo zangu kwa sauti na kuuliza kama mimi ni daraja la kwanza au la pili, watu wakacheka mpaka akina mama wakakaa chini. Mimi nilikasirika, Mama, najua haikuwa halali yangu, lakini nilikasirika hata nikaacha kupita Nyololo.

Haikupita muda akaja daktari mmoja Mnyakyusa kutoka Mbeya, Daktari Asukile, aliyekuwa anazunguka vijijini na futi ya fundi cherehani akipima viuno vya watu wenye vitambi na kuwatoa damu. Aliposimama Nyololo kula, Edmund akamwambia kwamba Igowole kituoni kuna mwanamume mjamzito, amwahi kabla hajajifungua. Daktari akaja kweli, akaniulizia mbele ya wakulima walewale, nami nikanyoosha mkono kwa sababu ya aibu tu, ili amalize aondoke.

Yule daktari ni mtu mpole, alinieleza vizuri. Alisema damu ikizungushwa kwenye mashine yanabaki maji ya manjano, na ndani ya maji hayo kuna protini za namna nyingi, mojawapo ni insulini, ambayo kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini. Mtu akizungukwa na mafuta tumboni, sukari inakuwa kaidi, basi mwili unaongeza insulini, unaongeza tena, kama mwenye ng'ombe wakorofi anavyoongeza wachungaji, na siku wachungaji wakichoka ndipo kisukari kinaingia. Yeye alitaka kuwahesabu hao wachungaji kabla hawajachoka. Kipimo cha insulini hakipo kwetu, damu ilikwenda ng'ambo, na mvua zikaisha ndipo akarudi na majibu. Sukari yangu ilikuwa imeanza kupanda kidogo, lakini insulini ilikuwa nyingi kupita kiasi. Akaniambia, "Mzee Jailos, hujaugua bado, lakini uko njiani, na hapa ulipofika bado unaweza kugeuka."

Akaniuliza ninakunywa nini, nikajibu kwa majivuno kwamba mimi ni mtu wa kanisa, pombe sigusi, nakunywa mtogwa tu, ule ulanzi mtamu wa mianzi uliogemwa asubuhi ambao haujachacha, nao nilikuwa nakunywa tangu alfajiri mpaka jioni kama maji. Daktari akaweka kalamu chini. Alisema nilikuwa nakunywa sukari tupu siku nzima halafu namshukuru Mungu kwamba si mlevi.

Nimeacha mtogwa, nimepunguza ugali, nakwenda shamba kwa miguu, mkanda wangu umetobolewa matundu mapya, sukari imerudi chini, na usingizi ninaolala sasa sijaulala tangu ujana. Mama, nina furaha mpaka naona haya. Nikamchukulia Edmund mbuzi kwenda kumshukuru, akamkataa, akasema mtani akianza kushukuriwa utani umekufa, akamvika yule mbuzi kofia yangu akamrudisha.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, kwa sababu siku ile nilimtazama vizuri. Kitambi chake kimekipita changu cha zamani, anakunywa maji kopo kwa kopo, haongei kidogo bila kwenda chooni, na mguuni ana kidonda cha tangu kabla ya Pasaka ambacho hakifungi, anakifunika na majani. Nikamwambia aende hospitali, akacheka. Nikamwambia tena mbele ya mkewe Benedicta, naye mke akacheka, akasema shemeji analipiza mizani. Nikarudi Jumamosi, bucha imejaa wateja, nikamsihi mpaka machozi yakanitoka, na wewe unajua kwetu watani ndio wanaolia kilio cha uongo misibani, basi watu wakapiga makofi, na Edmund akasema, "Leo umeiva, binamu. Hebu lia tena, hawa wa nyuma hawakuona."

Mtu huyu amenipa uhai wangu kwa mzaha, nami namwona anakufa kwa mzaha. Nimwambieje mtu ambaye kila neno litokalo kinywani mwangu kwake ni mchezo?

Jailos K., Igowole

MAMA MATILDA ANAJIBU

Ndugu Jailos, umenichekesha na umeniliza, na mezani kwangu ni barua chache zinazoweza yote mawili. Nimefurahi umepona njiani. Wengi wananiandikia wakiwa wameshakatwa mguu.

Sasa nikukaripie. Mtani wako alikuning'iniza mizanini, ukamnunia kama mtu asiye na mila. Yeye hakuudhika na kununa kwako, akakutafutia daktari. Halafu siku ulipopata akili, ulifanya nini? Ulimpelekea mbuzi wa shukrani kama unayemlipa fundi, na tangu hapo unakwenda kumhubiria katikati ya wateja. Kwa nini asicheke? Ningecheka hata mimi. Umeacha njia mliyoizoea nyinyi wawili, ukapita ya mchungaji, na uchungaji si kazi yako.

Kabla ya yote, kidonda hicho kisisubiri utafiti wa mtu yeyote wala damu ya kupelekwa ng'ambo. Kiu, mkojo na kidonda kisichopona, hizo si dalili za mtu aliye njiani kama wewe. Huyo huenda ameshafika. Kipimo cha mkojo na cha sukari vipo hospitali yoyote kubwa, majibu yanatoka siku ileile. Na usitangaze kijijini kwamba kila mwenye kitambi ana kisukari, maana si kweli, na wembamba nao wanaugua. Tunachojua ni kwamba kitambi kinafaa kumpeleka mtu akapimwe, na mama mkwe akitaka kusifu, asifu kitu kingine.

Anza na Benedicta. Usimwendee akiwa na Edmund. Mwendee kisimani, au mtume mke wako, wanawake wakizungumza peke yao hakuna utani. Mkewe aulizwe jambo moja tu, mumewe anaamka mara ngapi usiku kwenda nje. Atakapojibu atayasikia mwenyewe maneno yake, na hatacheka tena. Yeye ndiye atakayehakikisha siku ya kwenda hospitali Edmund hajala wala kunywa kitu asubuhi isipokuwa maji, na ndiye atakayesafisha kidonda na kutupa hayo majani.

Kisha nenda bucha, asubuhi, nyama ikiwa imeshatundikwa na wateja wamefika. Usimsihi, na machozi yaache nyumbani. Ingia ukicheka, chukua visu vyake vyote, vifunge kwenye gunia, keti juu yake. Wewe ni mtani. Una haki ya kukamata mali yake na yeye hana haki ya kukasirika, na mila zenu zinasema mali iliyokamatwa na mtani hairudi mpaka ikombolewe kwa kile anachotaka aliyeikamata. Hapo watu wote watasogea wasikie unataka kuku au unataka mbuzi. Waambie kwamba mwaka jana Edmund aliitoa damu yako bila kukuuliza, na leo unadai yake. Humtaki kuku. Unataka damu ya mkono wa Edmund, ivutwe na daktari, nawe ukiwa umesimama pale unaona.

Hawezi kukataa, Jailos. Akikataa ukombozi mbele ya wateja wake, ataaibika kuliko wewe ulivyoaibika, na buchani hana cha kukatia nyama. Panga mapema na dereva wa lori linalokwenda mjini asubuhi hiyo, liwe limesimama nje, asipate nafasi ya kufikiri. Mkifika hospitali, mtangulie kwa daktari umweleze kidonda, kwa sababu mgonjwa wa namna hiyo ataonyesha cha kuchekesha na kuficha kinachouma.

Na kuhusu shukrani zako, acha kuzibeba kama mzigo. Amekwambia mwenyewe hataki kushukuriwa, msikilize. Alikufanyia utani ukabaki hai, basi nawe mfanyie.

Njiani atakuuliza, na safari hii atauliza kwa sauti ya chini, kama kweli unafanya utani. Mwambie ndiyo, ni utani, na usimwachie mkono mpaka mfike.