Jina Alilorudi Nalo

Bondo, 4 Februari 2025

Mama mpendwa,
Salamu nyingi kutoka huku chuoni. Mgongo unaendeleaje, na cherehani yako? Mimi ni mzima, ila moyo umechafuka. Bwana Waliaula, yule afisa wa watoto, amenijibu. Faili langu lipo, lakini mama aliyenizaa alikataa jina lake lifunuliwe, na bado anakataa. Ati ni haki yake. Na yangu je? Mtu mzima mimi, na sijui nimefanana na nani! Usidhani nakukimbia. Nataka kumwona tu, hata mara moja. Wewe uliambiwa nini?
Mwanao, Debra

Kisumu, 11 Februari 2025

Debra wangu,
Mgongo ni ule ule, na cherehani inanishinda kwa kelele. Sijakasirika, acha kunibembeleza. Niliambiwa mambo mawili: ulizaliwa Luanda Kotieno, na mama yako aliomba uitwe Akelo. Jina hilo nimekuita ukiwa umelala tu. Niliogopa watu wataniuliza, wewe Mluhya mtoto wa Kijaluo umemtoa wapi? Lakini nalipenda. Kijaluo changu ni cha sokoni, ila hilo nalijua: "akelo", nimeleta. Nikasema, kweli, nimeletewa.
Mama yako, Rosa

Bondo, 24 Februari 2025

Mama,
Hujambo? Nimecheka, kisha nikakaa kitako. Ungeuliza jirani yeyote! Akelo ni msichana anayezaliwa baada ya mapacha. Nina ndugu wawili, Mama! Na mama wa mapacha huku huitwa Min Rude.
Jumamosi nilienda Luanda Kotieno. Sikuuliza mtu. Pale wanapouza samaki mteja akaita, "Min Rude, nifungie ngege!" Mwanamke akageuka. Masikio yangu haya makubwa unayoyatania, ni yake.
Nikanunua ngege. Akanitazama sana. "Nyara, unaitwa nani?" Nyara ni binti yangu, lakini huku kila msichana huitwa hivyo. Wateja walijaa, mumewe anashona nyavu hapo kando. Ningesema neno moja tu, Akelo, na siri yake ingefichuka mbele yao.
Nikasema, "Debra, wa Kisumu." Nikaondoka. Nililia njia nzima, lakini sijutii.
Mwanao, Debra

Kisumu, 19 Machi 2025

Akelo wangu,
Natumaini mitihani imekwisha salama. Afisa alikukosa kwa simu, akanipigia mimi. Yule mama alienda ofisini mwenyewe, na mumewe. Alisema hivi: "Msichana wa ngege nilimjua kwa masikio. Angelitaja lile jina mbele ya watu, ningemkana. Alininyamazia, nikaona aibu ya kuendelea kujificha. Nimemwambia mume wangu yote. Faili lifunguliwe. Mapacha wanamngoja Jumamosi."
Nakuonea fahari, mtoto wewe! Mteja amekuja kuchukua gauni, nikamsimulia mpaka akasahau gauni lenyewe.
Jumamosi usiende peke yako. Nishikie nafasi, nakuja. Nataka nikushike mkono mpaka mbele yake, nimwambie kwa Kijaluo changu kibovu: akelo. Nimeleta.
Mama yako, Rosa