Shuka Hukamuliwa na Watu Wawili

Jumamosi, 1 Juni 1974
Imefika! Mume wangu Edris ameishusha kwenye lori lake na watu watatu, jasho linawatoka. Mashine ya kufua, mpya kabisa, karatasi bado zimebandikwa. Mlango uko mbele, wa kioo, mviringo. Edris anasema hiyo ndiyo ya kisasa, haili maji mengi. Ameinunua kwa sababu ya vidole vyangu. Tangu mwaka jana sabuni inavipasua hadi damu, na sista wa hospitali ya Nangina alisema niache kabisa kufua. Niache! Nani atanifulia, paka? Siku ile Edris aliwasha lori akaondoka. Kumbe alikuwa na lake.
Fundi Ochom amevuta bomba kutoka mfereji wa uani, akalipitisha dirishani.

Jumapili, 2 Juni
Tumeijaribu. Tumekaa mbele yake kwenye mkeka, Edris na mimi, tukitazama shati lake likipita na gauni langu likilifuata. Ameshika vidole vyangu akivihesabu. Kesho anaenda Kampala na lori.

Jumanne, 4 Juni
Nimefua peke yangu. Shuka zimetoka karibu kavu — inakamua yenyewe! Miaka sita nimekamua shuka na Zilpa, jirani wa mlango wa tatu. Yeye upande ule, mimi upande huu, tunasokota, tunavuta, na habari zote za wapangaji wa ploti zinatoka hapo pamoja na maji. Leo chuma kimenikamulia bila neno.
Saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshaanika. Nikafagia. Kisha nikafagia tena.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya kufua, wanawake wote uani. Nimesimama dirishani kama mwizi. Zilpa alikuwa anakamua na Roselida, yule aliyehamia juzi tu kutoka Osieko. Hajui kushika! Anaachia mapema, shuka inagusa udongo. Nimeona wivu. Ndiyo, wivu, tena wa shuka.
Nikatoka kuwasalimu. Roselida akasema mashine yangu ikianza, mfereji unakohoa tu, wao wanangojea ndoo moja nusu saa. Sikujua, wallahi. Nikaomba radhi.
"Hakuna neno, madam," Zilpa akasema.
Madam! Juzi nilikuwa dada.

Jumatano, 12 Juni
Tangu Jumatatu sijasema na mtu ila muuza makaa, naye alikuwa na haraka. Nimefua taulo moja na leso mbili. Mtu mmoja achafue nini? Edris yuko barabarani, wala hakuniachia mtoto wa kujipaka matope. Nimekaa mbele ya kioo mpaka ikasimama.
Vidole vimepona. Laini, kama vya bibi harusi. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi ninavyo kumi vizima na hakuna hata chawa wa kuvunja.

Jumamosi, 15 Juni
Nimefanya upuuzi. Nimetoa shuka safi kabatini, zilizokunjwa, nikazitia kwenye karai na kwenda nazo mferejini. Nikasema mashine imeharibika. Wakasogea, wakanipa nafasi! Roselida hata alinipa pole. Na Zilpa akaja mwenyewe, akashika upande wa pili. Akanisimulia shemeji yake Bwire alivyoangusha meno ya bandia kanisani. Nimecheka hadi mbavu zikauma.
Vidole vinawasha. Sijali.

Jumatatu, 17 Juni
Mzee Jamiru kanitumia neno niende dukani kwake, Edris yuko kwenye simu. Edris akauliza habari ya mashine. Nikasema si nzuri. Ulimi ulitoka wenyewe. Akasema basi, kuna karani wa Malaba anaitwa Wandera, anaitamani tangu alipoiona kwenye lori. Jumamosi atakuja naye waichukue.
"Lakini niambie kweli, Hadijah. Ni nzuri au si nzuri?"
Nikasema laini ya simu inakatika. Haikuwa ikikatika.
Mzee Jamiru alijifanya anapanga viberiti. Nimerudi nyumbani na aibu yangu. Mtu amenunua kitu kwa kunionea huruma, na mimi namfanya akiuze kwa uongo.

Alhamisi, 20 Juni
Nimekwenda tena mferejini na nguo safi. Nikasugua, nikasuuza. Zilpa alikuwa anatazama karai langu muda mrefu.
"Maji yako hayachafuki," akasema.
Wote wakatazama. Maji meupe, unaona mpaka chini! Roselida akacheka, na wengine wakamfuata. Nimeacha kila kitu pale, karai na shuka, nikaingia ndani nikafunga mlango. Nimelia. Umri huu, nalia kwa sababu ya maji safi.

Ijumaa, 21 Juni
Karai langu limewekwa mlangoni. Shuka ndani yake, zimekauka, zimekunjwa. Sikusikia hodi. Ngozi ya kidole gumba imepasuka tena.

Jumamosi, 22 Juni
Naandika nimesimama, haraka.
Asubuhi hodi. Zilpa, na blanketi ya mama mkwe wake begani, ile nzito ambayo hakuna anayetaka kuifua. Akasema jana alikuja na karai, akaona haya kubisha. Tangu mashine ije anaona haya. "Nilidhani hututaki tena." Nami nikasema nilidhani ninyi ndio hamnitaki. Tukatazamana. Mwongo wewe, akasema, shuka safi! Akacheka mpaka akakaa chini.
Tukaitia blanketi kwenye mashine. Tukakaa kwenye mkeka mbele ya kioo, chai mkononi. Alikuwa anaishangaa kama mtoto. Ghafla stima ikapotea, mashine na taa zikazima! Blanketi ndani, maji yamejaa hadi katikati ya kioo. Tumengoja hadi adhuhuri, habari za wiki tatu zikaisha. Stima haikurudi. Mwishowe nikaweka karai chini, nikavuta mlango — mafuriko! Sebule nzima, mkeka, miguu yetu. Tumeitoa ile blanketi kama tunavuta ndama, tukaiburuta uani, tukaanza kuisokota.
Ndipo lori likapiga honi. Edris ameingia, na Wandera nyuma yake na kamba za kufungia. Wamesimama kwenye maji. Edris hakugomba. Alinitazama mikono tu, akaona kidole gumba, akaniuliza taratibu mbele ya mgeni: "Haya, Hadijah. Ni nzuri au si nzuri?"
Nikasema ngoja nibadilishe leso, nimelowa. Ndiyo nimo chumbani. Wandera anapima mlango kwa kamba. Edris bado anangojea jibu, nasikia anakohoa. Na Zilpa nje anaita, blanketi imemlemea, inaburuta kwenye udongo:
"Dada! Njoo ushike upande wako!"
Leso kavu siioni. Acha, naenda hivi hivi