Sauti ya Kwanza Ilikuwa Yako

Dada Consolata,

Babu wa Januari, yule mgeni wa hotelini wa kila mwaka, amekuja, na mimi ndiye niliyemwambia habari zako. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nakula.

Huku ughaibuni, chumbani kwetu, kitanda chako amepewa Brenda, dada wa Uganda, mpole, anakoroma kidogo. Picha ya bendi yako bado iko kwenye mlango wa kabati. Aliniuliza hao wazungu wenye nywele za kufunika macho ni ndugu wa nani. Nikamwambia ni wa dada yangu, asiwaguse. Basi la kampuni bado linatuchukua palepale mtaani kwetu Al Qusais, ila siketi tena kwenye kiti chetu. Asubuhi ile uliponiegemea begani nilidhani umesinzia, nikajikaza nisitikisike mpaka tukafika hotelini Garhoud. Daktari alisema ni presha, na kwamba hata ningejua nisingeweza kufanya kitu. Namwamini, lakini kiti kile nimekiacha.

Mazishi tuliyaona kwa simu. Kwaya ya kwenu Kitale iliimba vizuri sana. Padri alikusifu kwa sala na kwa kusomesha wanao, na yote ni kweli, lakini nilitamani mtu mmoja tu aseme kwamba marehemu aliipenda bendi ya vijana watano wa miaka ya sitini kuliko alivyopenda kula. "Vijana wangu," ulikuwa unawaita, nao wengi wao walikuwa wameshazikwa. Santuri za baba yako ndizo zilizokutia ugonjwa huo. Wewe mwenyewe ulizaliwa wameshagombana na kila mtu kashika njia yake, na bado ulikuwa unawatetea utadhani wamekutuma. Nilipokutania kwamba ni muziki wa wazee, ulinikata jicho. "Hii bendi si ya wazee, my dear. Ni ya wenye masikio."

Kazi yenyewe ya kutandika vyumba ulinifundisha kwa nyimbo zao. Kitanda kimoja, wimbo mmoja. Shuka kwenye ubeti, kukunja kona zake kwenye kiitikio, na mito iwe imekaa kabla hawajafika mwisho. "Yalla, Neema, hao wanamaliza," nami bado nahangaika na kona. Wewe uliimba sauti ya kwanza. Mimi ulinipa ya pili, kwa kuwa niliimba alto kwenye kwaya ya kwetu Singida. Tuliimba chinichini, mlango wazi kama hoteli inavyotaka, na supavaiza akipita tunaugeuza kuwa wimbo wa kanisa.

Na hapo ndipo penye shida yangu, dada. Sauti ya kwanza sikuwahi kuiimba. Ulipoondoka nilijaribu kuimba nikitandika, kikatoka kitu ambacho hata vijana wako wasingekitambua. Ilikuwa kama kumsikia mtu akiongea na simu bila kumsikia wa upande wa pili. Nyimbo zenyewe ninazo kwenye simu, lakini zikianza tu nazizima, maana namsikia yule kijana anayeongoza na sikusikii wewe. Basi natandika kimya, na nimekuwa mzito kazini. Nilikuwa naogopa kwamba zimekwisha, kwamba ulizibeba zote.

Juzi mapokezi wakasema babu anaingia, chumba kilekile cha mwisho, ghorofa ya nne. Nikajisemea, leo namkunjia gitaa la dada. Wageni wengine wote wanapata bata maji wa taulo, yeye peke yake ulikuwa unamfanyia gitaa kitandani, kwa kuwa naye aliwapenda vijana wako na mliimba pamoja. Taulo kubwa tumbo, taulo ndogo shingo. Langu lilitoka nene, ungelicheka, lilifanana na kuku aliyeatamia. Nikaliweka hivyohivyo. Nilitaka kukuheshimu, sikufikiria zaidi ya hapo.

Nikiwa koridoni na toroli, nikasikia mlango unafunguka na babu anaita, "Connie? Connie?" Katoka na soksi, kalikumbatia gitaa, uso wote unacheka, anakutafuta. Ndipo nilipojua nimefanya nini. Kwangu lile gitaa lilikuwa kumbukumbu. Kwake lilikuwa salamu kutoka kwako, likimwambia kwamba upo zamu.

Kiingereza chote ulichonifundisha kilinikimbia. Niliweka mkono kifuani, nikatikisa kichwa, na alielewa kabla sijapata neno. Akarudi ndani akaketi kwenye kitanda nilichotoka kukitandika. Akaniuliza kama uliumia. Nikasema hapana, ulilala begani kwangu. Hapo nikalia, dada, nikiwa na sare, mbele ya mgeni. Tangu msiba sikuwa nimelia mbele ya mtu.

Halafu akaanza kuimba wimbo mmoja wa vijana wako. Ulisema kweli juu yake: "Huyu mzee ana masikio poa, lakini sauti, wacha tu." Aliimba vibaya, ila ilikuwa sauti ya kwanza, na kabla sijaamua lolote ya pili ikanitoka na kukaa mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke nilisikia kwamba ninachokiimba ni wimbo.

Kwenye ubeti wa mwisho akaishia njiani. Akanitazama akingoja. Nikapanda kwenye sauti yako. Sikujua kama naijua. Nilikuwa nimeisikia chumba baada ya chumba miaka yote ile, nikidhani nasikiliza yangu. Nilikwaruza pale juu, pale ambapo wewe ulikuwa unapita tu bila taabu, lakini niliufikisha mwisho.

Tulipomaliza, babu alinishukuru kwa jina langu. Ni wewe uliyemwambia, maana mimi sikuwahi.

Buriani, dada yangu. Mungu akupumzishe pema. Brenda anahamishiwa ghorofa yetu ya kazini wiki hii, na leo kwenye basi nimemsikia akiimba peke yake, anayo sauti. Nakuahidi nitampa ya pili, polepole, kama ulivyonipa mimi. Ya kwanza nitaiimba mimi. Nikifika pale juu nikashindwa, nitanyamaza kidogo, naye atadhani nimesahau. Sitakuwa nimesahau. Nitakuwa nakusubiri wewe uimbe.

Mdogo wako,
Neema