Nusu Mzunguko

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mtoto, na lile jino lililokuwa linakusumbua limeshang'olewa. Mimi sijambo, ila mgongo umeungua jua mpaka nalala kifudifudi. Hata hii naiandika kifudifudi, chumba kina vitanda vinne na suti za kuzamia zinaning'inia kila mahali zikidondosha maji, kwa hiyo mwandiko usiushangae.

Uliuliza bahari ikoje. Maji ni vuguvugu kama ya kuogea! Kule kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji tunakofanyia mazoezi, ukinyoosha mkono huvioni vidole. Hapa naona mpaka chini, mita ishirini. Siku ya kwanza nilimwona kasa, nikapiga kelele humo humo majini, mwalimu akanitolea macho. Kasa hakujali, alikuwa anakula.

Umeniandikia kwamba shemeji hataki tena kusikia habari za maji, na ile miwani yake ya kuzamia sasa anaivaa akikata vitunguu, ukacheka mpaka ukakaa chini. Nimeisoma sehemu hiyo mara nne na sijacheka. Mumeo aliingoja safari hii ya kikundi miaka mitatu, na nafasi niliyopata ni yake.

Wewe ya machimboni uliyasikia kwa watu tu, acha nikueleze. Tulikuwa wawili wawili, mimi na shemeji pamoja. Kabla ya kuingia, kila mtu anamkagua mwenzake. Unajua mimi kuzamia nilijifunza kwenye video kabla ya kumjua mwalimu yeyote, na ndiyo maana kikundini wananiita Mjuaji. Basi nikamzungukia shemeji mgongoni, nikashika koki ya mtungi wake wa hewa, nikaizungusha mpaka mwisho, nikairudisha nusu mzunguko, kama nilivyoona kwenye video. Geji, kile kipimo cha hewa, ikaonyesha mtungi umejaa. Tukazama.

Chini kuna lori bovu, kila mtu hupenda kuligusa. Tulipolifikia, shemeji akapitisha kiganja shingoni, maana yake hewa imekata. Nikaitazama geji yake, imejaa. Nikamwonyesha kwa kidole: hewa unayo. Akanitazama kidogo, halafu akapanda juu kwa kasi ambayo haitakiwi. Nilipomfikia, damu ilikuwa inamtoka puani. Mwalimu akachukua mtungi uleule, akavuta hewa palepale ukingoni, ikaja vizuri. Akasema mbele ya wote, "Hewa ipo. Ulichoishiwa ni moyo."

Tangu siku hiyo wakamwita Kizibo, kwa jinsi alivyoibuka. Na shemeji mwenyewe akaamini. Aliniambia kwenye gari, tukirudi, kwamba labda umri umeanza kumwingia, na kwamba nisikuambie alilia. Jina lake likatolewa kwenye safari. Aliyefuata kwenye orodha nilikuwa mimi.

Sasa sikiliza, dada. Jana kwenye boti mwalimu alitufundisha makosa ya koki. Aliifunga moja, akaifungua nusu mzunguko tu, akampa mtu avute. Juu ya maji hewa inakuja bila shida. Ukifika chini, ambako mapafu yanahitaji hewa nyingi zaidi, inagoma, na geji bado inasema imejaa.

Nilianza kukuandikia kwamba nimegundua hapo, jana. Karatasi hiyo nimeichana. Nilijua siku ileile. Mimi ndiye niliyeosha vifaa vyetu, na nilipoifunga koki ya shemeji nikategemea kuizungusha mara nyingi. Ikagota nusu tu. Alikuwa ameshaifungua mwenyewe asubuhi, mimi nikamfungia nikidhani namfungulia. Nikasimama pale na mpira wa maji mkononi, nikasikia wanampigia Kizibo kelele, nikaendelea kuosha.

Leo wakati wa chai nimewaambia wote. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akamaliza chai yake, ndipo akasema, "Kosa la mkono ningekusamehe palepale. Hili la kufunga mdomo bado nalifikiria." Siku tatu zilizobaki siingii majini, nafunga mitungi kwenye boti. Amesema yeye mwenyewe atakuja kumwomba shemeji radhi, na safari ijayo jina la shemeji litakuwa la kwanza, akitaka. Akikataa, sina wa kumlaumu.

Usimsomee barua hii. Mpe aisome mwenyewe, na usikae naye chumba kimoja akiisoma. Mwambie pale chini alisema kweli, na mimi nilikuwa natazama geji badala ya kumtazama yeye.

Nibusie mtoto. Nikirudi nitashukia kwenu moja kwa moja, mkifungua mlango sawa, msipofungua nitakaa kibarazani. Na ile miwani, dada, iondoe jikoni. Ioshe kwa maji baridi, sabuni inaharibu mpira.

Mdogo wako,
Mjuaji