Pazia la Mzee Virgil

Sanduku la Posta 4417,
Quartzsite, Arizona.
6 Februari 2024.

Mpendwa mdogo wangu Corliss,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Lowell, na kwamba theluji ya Duluth haijawafungia ndani. Goti lako je? Usilidharau. Mama alilidharau la kwake mpaka akaishia kutembea kwa fimbo. Mimi sijambo. Kifua kimepona, macho ni yale yale, na chakula kinapita. Gus naye yupo, ila amekuwa mbwa wa kununa kama wazee wote.

Utashangaa kupata barua wakati umezoea ule ujumbe wangu wa simu wa kila asubuhi. Tulia uisome mpaka mwisho, wala usiruke mistari, nakujua.

Nyumba yangu ya magurudumu nimeiegesha palepale tulipokuwa tukiegesha na marehemu Einar, karibu na ile mipungate mitatu. Jua linajaza betri kabla ya saa sita, na maji ya tangi yananitosha wiki nzima nikioga kwa adabu. Usiku baridi inagandisha bakuli la Gus. Siku za maonyesho ya mawe watu walijaa kama siafu. Nimemnunulia Britta wako jiwe la kijani, limo humu ndani ya bahasha.

Mwaka huu nilikuwa na majirani wawili. Kulia yupo Loretta, mwalimu mstaafu wa Nebraska, mjane kama mimi, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Kushoto alikuwepo Mzee Virgil, fundi umeme mstaafu, mtu wa maneno machache na kahawa nyingi.

Sisi tunaokaa peke yetu huku tuna desturi yetu. Kabla ya saa tatu asubuhi kila mmoja anapandisha pazia la dirisha la mbele. Likiwa juu, majirani wanajua umeamka. Likiwa chini, wanakuja kugonga. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna anayeivunja, maana sote tunaogopa kitu kimoja, kufa halafu pasiwe na wa kujua.

Sasa Mzee Virgil alipenda kulala mpaka jua liwe kali, na Loretta hakumpa nafasi. Ikifika saa tatu yuko mlangoni, anagonga bati kwa mwiko.

"Mzee, umekufa?"

"Bado, dada. Niache nimalizie usingizi. Nikifa nitakuita."

Tulicheka asubuhi nyingi kwa hilo. Halafu mwanzoni mwa Januari pazia lake likaanza kupanda saa moja na nusu kamili, kila siku, bila kukosa. Loretta akajisifu kwamba amemfunza adabu mzee mzima.

Dirisha langu linatazamana na lake. Kila nilipopandisha pazia langu nilimkuta ameketi karibu na kioo, kofia kichwani, kikombe mbele yake. Nampungia mkono, naye ananipungia. Jumapili moja nikampungia, mkono wake haukuinuka. Nikasema jua limempiga machoni. Jumatatu vilevile. Jumanne nikakasirika. Tulikuwa tumebishana kidogo kuhusu jenereta yake, nikajua amenuna, nikajiambia mwenye kununa na anune. Kuanzia Jumatano sikumpungia tena.

Upepo uliangusha kiti chake cha nje, kikalala pale siku tatu bila mtu wa kukiinua. Alhamisi ndiyo siku yetu ya kwenda kumwaga maji machafu na kujaza safi, na huwa tunafuatana. Safari hii nilikwenda peke yangu. Nikapita mbele ya mlango wake makusudi ili aone sijali. Gus alikataa kupita. Alikaa chini akilitazama lile dirisha, akalia kwa kijisauti ambacho sijawahi kukisikia kwake. Nilimvuta kwa kamba. Na pazia likaendelea na kazi yake, asubuhi juu, jua likizama chini. Wote tuliliona na wote tukaridhika.

Ijumaa na Jumamosi vumbi lilivuma kutwa. Jumapili kila mtu akapanda juu ya paa lake na kitambaa kufuta paneli za sola. Za Mzee Virgil hazikufutwa, na mimi nilimwita mvivu kimoyomoyo.

Jumatatu nilikuwa nachemsha kahawa pazia lake lilipoanza kupanda. Lilifika nusu likasimama. Likatetemeka. Likashuka kidogo, likapanda, likashuka tena, kama jicho la mtu anayepigana na usingizi. Chini yake nilikiona kile kikombe, na mkono kando ya kikombe. Mkono haukusogea. Nywele zilinisimama, Corliss. Nilielewa hapo hapo, kahawa ikamwagikia jiko.

Nilimwita Loretta. Alikuja na mwiko wake, akagonga mara tatu. Kisha akauangusha, akaanza kumwita polepole, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Virgil. Virgil, nijibu hata kwa matusi."

Polisi wa kaunti ndio waliofungua mlango. Daktari alisema ni moyo, na kwamba alikuwa na siku nane au tisa tangu afe. Baridi ndiyo iliyomtunza. Nyuma ya pazia walikuta kimota kidogo kimeunganishwa na saa ya kutegesha, kazi safi ya mikono yake, kikiwa na kikaratasi kilichobandikwa, "Ili Loretta aniache nilale." Betri zilipokosa jua kwa sababu ya vumbi, kimota kikaishiwa nguvu. Loretta alikisoma kikaratasi, akakaa chini kwenye changarawe, na tangu siku hiyo hajagonga mlango wa mtu.

Siku nane alikaa akinitazama. Nami siku tano nilimnunia maiti. Naona haya hata kukuandikia.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Tulipokuwa nje tukiwasubiri polisi, saa mbili juu ya alama, simu ilitetemeka mfukoni mwangu. Nikaitoa. Ilikuwa imekutumia maneno yangu, "Nimeamka salama, mdogo wangu." Sikuwa nimeigusa. Nawe ukajibu, "Namshukuru Mungu."

Unakumbuka sharti lako baada ya kumzika Einar. Ulikubali nije huku peke yangu mradi nikutumie ujumbe kila asubuhi. Novemba nilisahau siku moja, ukaniletea polisi nikiwa na taulo kichwani, na kambi nzima ikapata kicheko. Siku ileile niliitegesha simu iwe inatuma yenyewe. Tangu hapo, mdogo wangu, ulikuwa unaongea na saa.

Na lipo kubwa zaidi, bora nilitapike lote. Tarehe kumi na tisa Desemba niliteleza kwenye ngazi ya mlangoni, upande wa ndani, nikaangukia kiuno. Nililala sakafuni tangu saa moja mpaka saa nne, siwezi hata kugeuka. Pazia nilikuwa nimekwisha kulipandisha. Saa mbili simu ikawaka mezani, juu ya kichwa changu, ikakuambia nimeamka salama. Baada ya kitambo ikatetemeka tena, nikajua ni wewe unamshukuru Mungu. Nilikuita kwa jina lako. Mwishowe kiuno kililegea nikajivuta kwa mguu wa meza. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungekuja kunichukua, na mimi jangwa hili nalipenda. Nisamehe.

Tangu Jumanne iliyopita nimeuzima ule mtego. Ujumbe unaoupata sasa nauandika mwenyewe, kwa kidole changu, maneno yale yale, saa ile ile. Lakini wewe ulipo huwezi kujua tofauti. Ukiamua kuja kunichukua, njoo. Nitalia kidogo, halafu nitafunga virago.

Msalimie shemeji Lowell, mwambie viatu alivyonipa bado vina maisha. Mbusu Britta. Msalimie pia shangazi Ingrid, hata kama hanikumbuki tena. Mungu awafunike kwa blanketi zito mpaka theluji iyeyuke.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kuliko ninavyokudanganya,
Twyla

N.B. Namba ya Loretta nimeiandika nyuma ya bahasha. Siku utakayoisoma barua hii utakuwa umeshapata ujumbe kwamba nimeamka salama. Usinijibu kwa ujumbe. Piga simu, niite jina langu, na usikate mpaka nikuitikie.