Msilibinye Jicho la Neema

Kambi ya wavuvi, Kisiwa cha Rukuba

Mdogo wangu Wegesa,

Pokea salamu za dada yako. Mama hajambo? Mgongo umempa nafuu? Baba je, bado anagombana na kuku wake? Na shemeji yako, baba Neema, mtama ameshapalilia? Shangazi wa Kabasa na vitenge vyake hajambo? Na wewe na mwanao mgongoni? Mimi ni mzima, jua linawaka vizuri, dagaa zinakauka kwa siku moja.

Barua yako imefika na boti ya juzi. Niliposoma kwamba kope ya Neema imevimba, jicho limefumba, na hataki kwenda kwenye komunyo yake ya kwanza kwa aibu, nilitafuta kalamu hapo hapo. Tena eti jirani anataka kumbinya usaha utoke! Wegesa, nakuomba sana, asimguse. Hicho ni chokea. Nakijua, kimenitoka mimi mwenyewe mwezi huu.

Usinicheke. Kuna jirani yangu hapa, Nyangeta, alikuwa mjamzito. Alikuja akasikia harufu ya samaki, sato, akaomba, nikamwambia wameisha, kumbe wako chini ya mfuniko. Baada ya siku mbili kope ikavimba. Wenzangu tunaoanika nao dagaa wakaanza: "Mama Neema, umemnyima nani?" Si unajua wanasemaga ukimnyima mjamzito unatokwa chokea? Nikakaanga sato mkubwa, nikampelekea na kumwomba msamaha. Akala mpaka kichwa, halafu akacheka. "Dada, mtoto amefurahi, lakini jicho lako halijui kama nimeshiba. Chemsha maji!"

Alifundishwa kliniki Musoma, mwanawe wa kwanza alipougua hivyo hivyo. Basi fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji yaliyochemka yakapoa kidogo, yajaribu kwanza mkononi mwako yasimuunguze. Mwekee juu ya jicho akiwa amelifumba. Kikipoa chovya tena, kama dakika kumi hivi, mara nne kwa siku. Kitambaa kiwe chake peke yake. Msipake majani, msipake wanja, na yeye asijikune. Changu siku ya nne kilipasuka chenyewe, nikaamka naona mpaka boti za mbali! Nilipiga vigelegele peke yangu. Na Nyangeta amejifungua msichana, mnene, bado anadai sato.

Ila uvimbe ukisambaa usoni, au akipata homa, au akisema haoni vizuri, usingoje, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaoga na majani ya mpapai? Sasa sabuni imejaa mpaka duka la kambini. Nimekutumia mche mmoja. Ni wa mikono na kitambaa cha Neema, shemeji yako asifulie shati!

Komunyo imebaki Jumapili mbili, atapona. Mwambie hata uvimbe ukibaki kidogo aende tu, Mungu hachagui kope.

Nisalimie mama, baba, mume wangu, shangazi, na mwalimu wa dini anayemfundisha Neema.

Nijibu upesi, mpe mchuuzi wa dagaa yeyote anayerudi Musoma, ataipakia kwenye boti ya huku. Hata mistari miwili inatosha. Na aandike Neema mwenyewe, nione kama mistari imenyooka.

Dada yako akupendaye,
Mama Neema